Barua kwa Saumu: majaji tunaowapigia kura

Houston, Texas
Februari 1, 2026

Kwako Saumu, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na wote nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na Ramadhani tunaingojea kama mnavyoingojea nyinyi Mombasa. Uliniuliza kwenye simu imekuwaje jaji apigiwe kura kama diwani, nikakuambia nitakuandikia kwa kirefu. Nimepata nafasi, na wakati wenyewe ndio huu: mchujo wa vyama ni Machi 3, na kura za mapema zinaanza Februari 17.

Ni kweli ulivyosikia. Hapa Texas majaji wa jinai husimama kwa tiketi ya chama. Wanabandika mabango, wanachangiwa pesa, mara nyingi na mawakili walewale watakaosimama mbele yao kesho, na wakishinda wanakaa miaka minne. Kaunti yetu ya Harris ina mahakama 16 za makosa madogo, yale ambayo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Ongeza za makosa mazito, za familia na za madai, karatasi ya kura inakuwa ndefu mpaka macho yanauma. Zamani uliweza kubonyeza mara moja ukachagua chama kizima. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia uchaguzi wa 2020. Sasa ni jina baada ya jina, na watu wengi wakishamaliza wakubwa wa juu, majaji wanawaruka. Mimi hilo linaniuma sana. Gavana huenda usionane naye maisha yako yote. Jaji wa makosa madogo, mwanao akikamatwa usiku, asubuhi yuko mbele yake.

Kwenu Kenya ni Tume ya Huduma za Mahakama inayowahoji wanaotaka kiti, na wananchi tunatazama. Unakumbuka 2021 tulivyokaa tukifuatilia Martha Koome akihojiwa kabla hajawa Jaji Mkuu? Alibanwa maswali kweli kweli. Huku mhoji ni mpiga kura, na mpiga kura mwenyewe ametoka kazini amechoka.

Basi nimekuwa nikihudhuria mikutano yao, hii ya kumbi za makanisa na maktaba, na nikakuta wote wanasema maneno mamoja. Haki sawa kwa wote. Nafasi ya pili. Usalama wa jamii. Si kwamba wanadanganya. Kanuni za maadili zinawakataza kuahidi watakavyoamua kesi, nami naona ni sawa, maana jaji aliyekwisha kuahidi hana haja ya kukusikiliza. Lakini kueleza fikra zao hawakatazwi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2002 katika kesi iliyotoka Minnesota. Kwa hiyo nafasi ya kuuliza ipo. Kazi ni kujua uulize nini.

Kuhusu haki sawa, swali langu la kwanza kwao ni dhamana, na hapa kaunti yetu ina historia ambayo hakuna mgombea anayeweza kuikwepa. Mwaka 2016 mama mmoja anayelea mtoto peke yake alikamatwa kwa kuendesha gari na leseni isiyo halali. Dhamana ikapangwa dola 2,500. Hakuwa nazo, akabaki ndani. Wengine huenda kwa kampuni za dhamana, unalipa kama asilimia 10 na pesa hiyo hairudi hata ukishinda kesi, lakini hata hiyo asilimia 10 si kila mtu anayo. Mawakili wakaishtaki kaunti. Mwaka 2017 Jaji Lee Rosenthal wa mahakama ya shirikisho akatoa uamuzi kwamba utaratibu wa kuwafunga watu wa makosa madogo kwa sababu tu hawana pesa ulivunja Katiba. Kaunti ikaendelea kupigana. Uchaguzi wa 2018 ukawafagia majaji wa chama cha Republican waliokuwa wakiutetea utaratibu ule, na 2019 makubaliano yakatiwa sahihi: wengi wa makosa madogo watoke bila kuweka pesa, ila wale ambao mazingira yao yanatia shaka wafikishwe kwanza mbele ya jaji.

Ndiyo maana nasema kura ile si mchezo. Na madhara ya kukaa ndani yalishapimwa hapahapa. Utafiti wa kesi za makosa madogo za kaunti hii, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba waliozuiliwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kukiri kosa kuliko wenzao wa hali ileile walioachiliwa. Wewe unaelewa kwa nini, umewaona mahabusu. Mtu anaambiwa kiri leo utoke leo, ukikataa ngoja tarehe. Kazi inapotea, kodi ya nyumba inafika. Anakiri. Mahakama ya Juu yenyewe ilisema mwaka 2012 kwamba asilimia 94 ya hukumu za hatia katika majimbo zinatokana na watu kukiri, si kwa kesi kusikilizwa. Basi pale panapoamuliwa nani alale ndani na nani aende kwao, kesi nyingi zimekwisha. Nyinyi Kifungu cha 49 cha Katiba kimewakataza kabisa kumweka rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Nikiwaeleza watu hapa wanashangaa.

Lakini ya dhamana wagombea wameshajifunza kuyajibu. Nililotaka hasa kukuandikia wewe, afisa wa probesheni, unayewasimamia walioachiwa watumikie adhabu nje ya jela, ni la kumrekebisha mtu.

Kuna kijana wa jirani zetu, Wakongo, nitamwita Dodi ingawa si jina lake. Alikiri kosa dogo la wizi, akapewa ule utaratibu ambao jaji hatamki hatia: unaripoti kwa afisa, unalipa ada ya kila mwezi, ambayo sheria imeiweka kati ya dola 25 na 60, unapimwa mkojo, na ukimaliza muda salama kesi inafutwa. Ukivunja sharti, jaji ana uwezo wa kukutia hatiani na kukupa adhabu nzima. Dodi alikosa kuripoti. Mama yake Kiingereza kinampiga chenga, akaniomba nimsindikize kortini.

Tulikaa viti vya nyuma. Wanaitwa mmoja mmoja, wakili wa serikali ana rundo la mafaili, na kila kesi inachukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya lifti. Wa kwanza alikuwa amekosa kuripoti, mambo yake yakamalizwa kwa sentensi mbili, akapelekwa pembeni kwa askari. Ilipofika zamu ya Dodi, jaji alifungua faili, akasoma, akainua uso. Akauliza, "Unafanya kazi saa ngapi?" Dodi akasema usiku, ghala la mizigo, anatoka saa moja asubuhi. Miadi yake ilikuwa saa mbili, upande wa pili wa jiji, na ni kupanda mabasi mawili. Jaji akamgeukia afisa wa probesheni, akaagiza miadi ihamishiwe mchana, na ada ipunguzwe mpaka atakapopata saa za kutosha kazini. Kisha akamwambia kwa sauti kavu kwamba safari nyingine hatauliza. Mama yake Dodi alinishika mkono, sikuweza kumtafsiria neno mpaka tulipotoka nje.

Tangu siku ile, mikutanoni siulizi tena kama mgombea anaamini nafasi ya pili. Nauliza hivi: mtu uliyempa nafasi ameanguka tena, hakuripoti, au kipimo kimeonyesha dawa. Unafanya nini asubuhi ile?

Ungesikia majibu, Saumu! Mmoja, msomi, anasema vizuri, alinijibu kwamba masharti ni masharti na mahakama ikichekewa haiheshimiwi. Sikumdharau. Kuna mlalamikaji upande wa pili, na mtu aliyeibiwa ana haki ya kuona agizo la korti lina uzito. Ila hakutaja hata mara moja kutaka kujua kwa nini. Mwingine alikuwa na maneno matamu kuhusu uponyaji na jamii, lakini nilipomuuliza angemtuma wapi mtu wa dawa za kulevya, akazunguka. Wa tatu, mama wa makamo aliyewahi kuwa wakili wa umma, yule anayewatetea wasio na pesa za wakili, alieleza kama mtu aliyekwisha kufanya. Alisema mlevi wa dawa haachi kwa siku moja, kuteleza ni sehemu ya safari, na ndiyo maana mahakama za dawa za kulevya, tangu ile ya kwanza ya Miami mwaka 1989, humwita mtu mbele ya jaji mara kwa mara: akifanya vizuri anapongezwa hadharani, akiteleza adhabu inakuja upesi lakini ndogo. Akaongeza kwamba asiyeweza kulipa faini hawezi kufungwa kabla korti haijachunguza uwezo wake, akataja uamuzi wa 1983 wa Bearden dhidi ya Georgia bila kutazama karatasi. Kura yangu yeye anaipata.

Bado kuna jambo moja linanisumbua, na hapa nahitaji akili yako. Jaji anaona karatasi tu. Anayejua kwamba Dodi anashuka kazini saa moja ni afisa, na afisa asipoliandika, swali la jaji halina pa kuanzia. Kwenu sheria ya huduma kwa jamii, mtu kufanya kazi za umma badala ya kufungwa, ipo tangu 1998, na wewe umeandika ripoti nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Mtu akikosa kuripoti mara ya pili, huwa unamweleza hakimu nini, na unaacha nini? Yupo hakimu anayekuuliza sababu, au wanataka neno moja tu, amevunja au hajavunja? Niandikie kabla ya tarehe 17 ukiweza. Kuna mkutano mwingine wiki ijayo na nataka kuwauliza wagombea watawasikiliza vipi maafisa wao, lakini swali nataka liwe la mtu anayeijua kazi.

Nisalimie Mama na mabibi wote wa mtaani. Mtoto wa mwisho mwambie viatu vyake nimevipata, natafuta msafiri.

Wako,
Rukia