Maboma ya madarasa yasiachwe yaoze

Mhariri,

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wapo wanaodhani kuwa mzazi hana tena wajibu shuleni, ilhali sare, madaftari na chakula vilibaki mikononi mwake. Vijijini wananchi wamechanga mawe, mchanga na nguvu zao wakajenga shule shikizi, yaani shule ndogo za karibu zilizo chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasivuke mito wakati wa masika. Kinachoniumiza ni maboma, yaani kuta za madarasa yasiyokamilika, yaliyofika usawa wa linta juu ya milango na madirisha kisha yakaachwa bila kuezekwa hadi mvua ikayabomoa, na moyo wa waliobeba mawe hayo ukavunjika pamoja nayo. Naziomba halmashauri zitenge fedha za mabati na mbao kabla kijiji hakijachimba msingi, na mapato na matumizi ya michango yasomwe katika kila mkutano mkuu wa kijiji.

Mzazi,
Kilosa, Morogoro