"Mbona mlisema mna nyumba Texas?"

Sisi tunapangishia watu wetu vyumba huku Marekani. Malalamiko haya hayaishi, na wiki iliyopita yamerudi tena kwa herufi kubwa kwenye WhatsApp ya ofisi: "NYINYI NI WEZI, MMEANDIKA MNA NYUMBA TEXAS." Tumeandika, ndiyo, na nyumba tunazo. Ziko Houston, upande wa kusini-magharibi, Alief na kandokando yake. Ndugu yetu huyu amepata kazi El Paso. Kati ya Houston na El Paso ni maili zaidi ya 700 kwa barabara ya I-10, unaendesha kutwa nzima na bado uko Texas, na ukifika unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Jimbo hilo ni kubwa kuliko Kenya yote. Mtu akikuambia ana chumba Kenya, nawe kazi yako iko Mandera, utatuma pesa bila kuuliza kama chumba kiko Mombasa?

Sasa tuielewe ile ramani ya nyumba zetu. Majimbo matano yamepakwa rangi: Texas, Kentucky, Ohio, Minnesota na Massachusetts. Chini ya kila jimbo tumeandika miji, na hiyo miji ndiyo ya kusoma. Ohio kwetu ni Columbus peke yake. Kentucky ni Louisville. Minnesota ni Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Massachusetts ni Lowell na Worcester. Boston hatuna kitu, na kwa bei za kule hatuna mpango.

Tulikwenda walipo watu wetu, hilo kila mtu analijua. Lisiloonekana ni fundi. Hatupangishi nyumba ambayo fundi wetu hawezi kuifikia ndani ya nusu saa, maana tunachouza ni chumba chenye kitanda, sufuria na intaneti, na mgeni aliyeshuka ndege jana hajui ampigie nani choo kikiziba. Sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba abadilishe kufuli ndani ya siku saba mpangaji mpya akiingia, kwa gharama zake mwenye nyumba. Sisi tunabadilisha siku ileile mpangaji wa zamani anapotoka, majimbo yote matano. Fundi wa Houston hujaribu funguo zote mlango ukiwa wazi kwanza, ndipo anaufunga na kujaribu tena. Ukiona bei yetu imezidi ya chumba ulichokiona Facebook, na hilo limo ndani ya bei.

Njia ya mkato tunayoiona kila msimu ni hii: mtu ana kazi Cleveland, anaona chumba chetu cha Columbus ni nafuu, anasema "si Ohio hiyohiyo, nitaendesha." Dada mmoja aliyekuwa anahudumia wazee kule alitung'ang'ania hivyo. Tulimwambia ni zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya mbili kurudi, akasema yeye kazoea foleni za Dar. Mwezi wa kwanza alitusifu. Theluji ilipoanza alichelewa shifti, wakampunguzia saa, petroli ikala kilichobaki, mwisho akahama katikati ya mkataba akiwa na deni letu na gari linalodai matairi. Akajumlisha mwenyewe, akaona chumba cha Cleveland alichokiita cha matajiri kingemgharimu zaidi kidogo mwanzoni na kumwachia akiba mwishoni.

Wengine hukosea kinyume chake. Kuna bwana alikuwa na kazi kwenye maghala ya Jeffersonville, Indiana. Akatukataa kwa sababu "hamna nyumba Indiana", akaenda kupanga Indianapolis, karibu saa mbili kutoka kazini. Jeffersonville na Louisville zinatazamana, Mto Ohio katikati, unavuka daraja umefika. Daraja la I-65 lina ushuru, la Second Street halina, na wateja wetu wa Louisville wanalijua hilo kabla hawajajua duka la mchele. Mpaka wa jimbo haukuzuii kulala upande huu na kufanya kazi upande ule.

Kuhusu bei kutofautiana, tunasikia sana "Houston mnatoza kidogo, Lowell mnatuonea." Massachusetts mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha joto halishuki chini ya 68 °F mchana na 64 °F usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Mei 31, na bei yetu ya Lowell inabeba joto hilo. Dipoziti huko haiwezi kuzidi kodi ya mwezi mmoja, na lazima ikae kwenye akaunti yake yenye riba. Houston joto la nyumba si hoja, ila kiyoyozi kinanguruma karibu mwaka mzima, bima ya vimbunga haishikiki, na kodi ya majengo Texas ni kali kwa kuwa jimbo halikati kodi ya mapato kwenye mishahara. Kila mji una mdomo wake unaokula pesa.

Kijana mmoja wa Brooklyn Park alikwenda Mombasa likizo ya Desemba akazima hita kabisa ili kuokoa bili ya gesi. Maji yakaganda kwenye bomba nyuma ya sinki ya jikoni, bomba likapasuka, na baridi ilipolegea maji yakatiririka hadi jirani wa chini alipoona dari yake imetuna. Fundi alikuta mbao za sakafu zimenyanyuka kutoka mlangoni hadi kwenye jokofu. Dipoziti yake haikufika hata nusu ya gharama. Ukisafiri, shusha hita hadi 55 °F, acha kabati la sinki wazi, usiizime.

Dipoziti nayo ina muda wake wa kurudishwa kila jimbo. Minnesota ni wiki tatu baada ya kuhama, Texas, Ohio na Massachusetts ni siku 30. Texas hatulazimiki kurudisha mpaka utupe anwani yako mpya kwa maandishi, na nusu ya wanaotuita wezi ni watu waliohama usiku bila kuacha anwani.

Kwa hiyo ukituandikia usiseme tu "nataka Ohio." Tuma anwani kamili ya kazini pamoja na ile namba ya posta ya tarakimu tano, saa unazoingia na kutoka, na kama una gari au unategemea basi. Kama nyumba yetu iko mbali tutakuambia hatuna, na hatutapokea pesa yako ya kushikia chumba.