Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: tuletee mkaguzi Nyakato

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopeleka kwa mkono hazijajibiwa. Wiki iliyopita gari tulilolitengeneza wenyewe hapa Nyakato, Mwanza, lilisimamishwa karibu na Buzuruga likiwa kwenye majaribio, tupu, halina hata gunia moja la dagaa. Likavutwa mpaka yadi na hadi leo lipo huko, na gharama za yadi zinahesabiwa kila siku. Kosa lake ni kukosa namba ya usajili.

Namba tuliiomba kabla gari halijagusa lami. Ofisini niliambiwa hakuna fomu ya gari lisilotoka nje. Dirisha la pili wakataka nchi lilikotoka na namba ya chesisi iliyogongwa kiwandani. Mheshimiwa, chesisi tumeikata wenyewe kwa chaneli za chuma na kuichomelea wenyewe. Difu na gia boksi ni za Hiace iliyopinduka. Bodi ni yetu yote. Nchi lilikotoka ni hii unayoiongoza.

Na sisi si wa kwanza. Miaka ya 1980 pale Kibaha, wahandisi wa jeshi letu walitengeneza lori wakaliita Nyumbu, na kituo cha teknolojia ya magari kilichoundwa mwaka 1985 kipo mpaka leo. Hapo hapo Kibaha kampuni ya TAMCO ilikuwa ikiunganisha magari ya Scania. Matairi yalitoka kiwanda cha General Tyre, Arusha. Mashine za kukatia vyuma zilikuwa na viwanda vyake, Moshi na Mang'ula. Yaani tairi, mashine na mikono ya kuunganisha gari vilikuwa ndani ya nchi moja. Nikifikiria hilo, usingizi unanipaa.

Kwa nini viliporomoka? Wachumi watakuwa na maelezo yao. Mimi naona fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikakosekana, kisha soko likafunguliwa kwa magari yaliyotumika kutoka Japani bila mtu kuuliza mafundi wetu watamuuzia nani. General Tyre ikasimama mwaka 2009. Ujuzi wa Nyumbu haujafika kwenye gereji zetu za Mwanza.

Majirani nao walijikwaa. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Wakenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa wananchi. Yakatengenezwa matano, fedha za kiwanda hazikupatikana, basi. Lakini tazama Uganda. Novemba 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye paneli za jua juu ya paa. Kiwanda chao kimejengwa Jinja, kwenye ziwa hili hili tunalovua sangara. Katika Kiira Motors serikali yao ina asilimia 96 ya hisa na Makerere asilimia 4. Gari la wanafunzi halikuachwa barabarani lijitetee.

Najua malori yanaunganishwa tena Kibaha na kampuni binafsi, na nalifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini mlipotutangazia Tanzania ya viwanda hamkusema ni Kibaha peke yake. Dira ya 2025 ilituahidi nchi yenye viwanda, na mwaka huo umeshatufikia. Ahadi ni deni, Mheshimiwa.

Gari hili lilijengwa kwa mkopo wa kikoba. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba alitanguliza fedha ili tumtengenezee lingine kama hilo. Sasa anazitaka, na ana haki, ila zimeshageuka chuma. Vijana wangu wawili wameondoka, mmoja anaendesha bodaboda. Alikuwa mchomeleaji mzuri kuliko mimi. Kodi ya gereji haijui kama gari liko yadi.

Sikuombi ruzuku. Sikuombi kiwanja wala msamaha wa kodi. Naomba mkaguzi mmoja mwenye mamlaka ya kupima gari lililotengenezwa nchini na kuligongea namba yake ya chesisi. Aje Nyakato alipime breki, usukani, taa, viungo vya chesisi, kila kitu, hata kwa siku tatu. Akikuta breki hazishiki, aandike kwenye karatasi kwamba hazishiki na kiwango kinachotakiwa ni kipi, nami nitazifungua na kuzitengeneza upya. Akikuta liko salama, lipewe namba. Kama wizara haina mkaguzi wa namna hiyo, mteue. Na kabla hajafika, Mheshimiwa, amuru gari litoke yadi, maana kwa gharama zinavyopanda litauzwa kama chuma chakavu kabla barua hii haijafika mezani kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi bodi, Nyakato, Mwanza