Jua lizuiwe kabla halijagusa kioo

Mhariri,

Nyumba nyingi za siku hizi zina madirisha makubwa, mengine kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Msimu wa joto ukiingia, wenye nyumba hukimbilia mapazia mazito na kiyoyozi. Naomba nafasi nieleze kwa nini dawa hiyo inachelewa.

Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya nguvu ya jua. Ikishaingia, hunyonywa na sakafu, makochi na pazia lenyewe, navyo hutoa joto la aina ambayo kioo hakiipitishi kurudi nje. Dirisha la mita 4 za mraba linalopigwa na jua la alasiri laweza kuingiza takriban wati 2,000, sawa na hita ya umeme iliyowashwa katikati ya sebule. Saa kumi alasiri, pitisha mkono kati ya pazia na kioo. Hewa ya hapo ni moto, nayo hupanda, hutokea juu ya fimbo ya pazia na kusambaa chumbani. Pazia limezuia mwanga tu, joto limeshaingia. Upande wake unaotazama kioo ukiwa mweupe, sehemu ya mwanga hurudishwa nje, lakini hata hivyo halifikii kizuizi cha nje.

Kizuizi gani? Hapo ndipo wengi hukosea, maana kinategemea dirisha linaangalia wapi. Kipaa cha zege au bati juu ya dirisha hufaa jua likiwa juu. Likiwa nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, mbele ya dirisha, kipaa kilichotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha kama mita 1 kwenda chini. Likishuka hadi nyuzi 30, kipaa kilekile hutoa sentimita 35 tu. Kwa hiyo dirisha la magharibi, ambalo jua hulijia likiwa chini, haliokolewi na kipaa hata ukikirefusha. Linataka kitu kinachosimama mbele yake: shata za mbao, pazia la mianzi, neti ya kivuli iliyowambwa kwenye fremu, au mti. La mashariki vilevile, ila lenyewe hupigwa asubuhi, hewa ikiwa bado haijapata moto. Kipaa nacho kisiishie usawa wa fremu; kivuke pembeni sentimita 30 au zaidi kila upande, kwa sababu jua huingia kwa mshazari.

Kizuizi cha nje kiachwe umbali wa sentimita 10 hivi kutoka kwenye kioo, na juu pawe wazi. Kikibanwa, hewa ya moto hunaswa na kukipasha kioo.

Tinti nayo ina yake. Weusi wake si kipimo. Muulize muuzaji inazuia asilimia ngapi ya nguvu yote ya jua. Tinti nyeusi hufanya kazi kwa kunyonya joto, hivyo kioo chenyewe huchemka. Nusu yake ikiwa juani na nusu kivulini, hutanuka bila usawa na ufa huanzia ukingoni. Kioo cha tabaka mbili ndicho kilicho hatarini zaidi, kwa hiyo usikibandike tinti kabla mtengenezaji wake hajakubali.

Kuhusu hewa, tundika vipimajoto viwili kivulini, kimoja ndani na kimoja nje. Nje kukiwa na joto zaidi, funga madirisha, hata kama mazoea yanakuambia ufungue upate hewa. Jioni nje kukipoa kuliko ndani, fungua pande mbili zinazokabiliana, na tundu la juu kama lipo, uache usiku kucha kama usalama unaruhusu. Kumbuka dirisha la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, ilhali la luva hufunguka karibu lote. Feni humpoza mtu, si chumba, ukitoka, izime.

Kwa anayejenga sasa: boliti za kushikilia shata au fremu ya neti ziwekwe kabla ukuta haujapigwa plasta. Zikitobolewa baadaye, plasta hupasuka kuzunguka tundu na maji ya mvua hupenya ukutani. Mwambie fundi wiki hii, kabla hajafika kwenye dirisha la magharibi.

Fundi wa madirisha na vioo