Mdogo wangu, siku zetu ulizihesabia wapi?

Mdogo wangu,

Tangu arobaini ya Mama hatujavuka salamu. Najua hapa hupiti bila kusoma, basi nakuandikia hapa hapa.

Lile gazeti sijalisahau. Ilikuwa Jumapili ya Februari 2017, baada ya viongozi saba wa chama chetu cha madaktari Kenya kutupwa jela kwa ajili ya mgomo. Ulilileta mwenyewe, ukaliweka mezani kando ya chupa ya chai. "Madaktari wachagua pesa." Mama akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akalikunja, akaingia nalo chumbani bila neno. Wewe ukamega mahamri: "Kichwa si changu, dada, ni cha mhariri." Jina chini yake lilikuwa la nani?

Kila asubuhi gazetini mlihesabu siku za mgomo wetu: siku ya 40, siku ya 70, mpaka 100. Mkataba wetu na serikali ulitiwa saini Juni 2013, na tulianza kugoma Desemba 5, 2016. Hiyo miaka mitatu na nusu ilihesabiwa ukurasa gani? Mwaandika "mgomo waua" kana kwamba mgomo una mikono. Aliyeukalia mkataba hana jina. Walimu mwawaandika hivyo hivyo, wauguzi hivyo hivyo.

Na wewe si mgeni. Uzazi ulipofanywa bure 2013, wodi ikafurika, akina mama wawili kitanda kimoja, glovu zikiisha twanunua duka la ng'ambo ya barabara. Mkeo alipojifungua stima zilipotea, nikamshona kwa mwanga wa simu yako. Uliishika mwenyewe, mkono ukikutetemeka. Ukaniita malaika. Hilo hukuliandika.

Ndugu yangu, kalamu yako nzuri, nami nakupenda. Ukiandika tena juu ya mtumishi wa umma, muulize na mwajiri wake. Usidhani mimi sina moyo. Yupo mzee niliyemwambia langoni atafute hospitali nyingine, na kikohozi chake nakisikia mpaka leo. Lakini ningefanya nini? Nirudi kumtazama akikosa oksijeni nikiwa kazini, ili nisiandikwe? Mama naye, na ualimu wake, aligoma 1997, tukashindia uji, na wewe wa darasa la pili ukambebea bango.

Juzi nikipanga sanduku lake nimelikuta gazeti, limekunjwa vile vile. Kalamu yake nyekundu imepita kila aya. Pembeni mwa "mgomo" ameandika: nani?

Liko kwangu. Njoo ulichukue.