Kolonya ya Kifalme Haikai: Si Feki, Ndivyo Ilivyo

Lalamiko ni lile lile. Mteja amesoma kwamba kolonya fulani ilikuwa ya mfalme, akainunua kwa pesa nzuri. Kajipulizia saa mbili asubuhi, kufika saa tano hainukii tena, na sasa anairudisha akiamini kauziwa feki. Mara nyingi si feki. Kolonya haikutengenezwa ikae.

Tazama kilichomo. Kolonya ya kweli ina mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5 tu. Kinachobaki ni spiriti na maji kidogo. Na mafuta yenyewe ni yale mepesi: limau, chungwa, bergamoti (jamaa ya chungwa), maua ya mdanzi, rosemari, lavenda. Nyumba ya Farina, watengenezaji wa manukato wa mjini Cologne, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1709, ilijijengea jina kwa harufu za namna hii na kuziuza katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Mafuta ya limau na jamaa zake huruka upesi hata ukitoa pesa kiasi gani. Miski, ambari na zabadi ni nzito, hung'ang'ania ngozi na nguo kwa siku nzima.

Tofauti hiyo iliishi ndani ya ndoa moja. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipenda kolonya, na baada ya kuoga mtumishi alikuwa akimmwagia mabegani na mgongoni. Kammwagia, si kampulizia. Chupa ziliisha haraka, naye mtengenezaji wake wa Paris, Chardin, akaendelea kuleta nyingine. Mkewe Josephine alipenda miski, zabadi na vanila, na inasemekana vyumba vyake katika jumba la Malmaison viliendelea kunukia miski muda mrefu baada yake. Ukitaka kolonya ikufanyie kazi ya miski ya Josephine, umeipa mzigo usio wake.

Basi itumie kama Napoleon, kwa kiasi cha kibinadamu. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta ya mwili yasiyo na harufu, kisha pulizia kifua, mabega na nyuma ya shingo, mara 6 hadi 8. Usisugue. Mchana rudia. Mpulizo mmoja hutoa takribani mililita 0.1, kwa hiyo chupa ya mililita 30 ina kama mipulizo 300. Hata ukitumia 10 tu kwa siku, imekwisha ndani ya mwezi. Ndiyo maana chupa ya mililita 100 au zaidi ni bora kwa kolonya, hata kama kwa pafyumu nzito tungekushauri uanze na ndogo.

Kuna kolonya iliyotengenezwa na Guerlain, nyumba ya manukato ya Ufaransa, mwaka 1853 kwa ajili ya Empress Eugénie, mke wa Napoleon III. Chupa yake imepambwa kwa nyuki, alama ya ufalme huo, na hadi leo inauzwa. Wengi hununua kwa ajili ya nyuki. Hakuna ubaya, ila ujue ndani ni kolonya vilevile: dakika 20 za raha kubwa, kisha inaanza kutulia.

Angalizo moja ambalo wauzaji wengi hulipita: bergamoti asilia ina kemikali inayochokozwa na jua. Ngozi ikipata mafuta hayo kisha ikapigwa na jua kali, hutokea mabaka ya kahawia, hasa shingoni, yanayoweza kukaa miezi. Watengenezaji wakubwa siku hizi huitoa kemikali hiyo, lakini chupa za kale na za kuchanganya nyumbani huenda bado zinayo. Hizo pulizia nguo, au sehemu iliyofunikwa.

Ila si nguo zote. Siku ya harusi yake, Julai 29, 1981, Princess Diana wa Uingereza alijipaka Quelques Fleurs ya nyumba ya Houbigant, harufu ya mwaka 1912, na aliyemrembesha alisimulia baadaye kwamba ilimwagika kwenye gauni la hariri, naye Diana akawa anapashika kwa mkono ili pasionekane. Spiriti huruka, mafuta hubaki, na ukingoni mwa doa hutokea duara. Kwa hiyo jipulizie kabla ya kuvaa, subiri dakika 5, ndipo uvae. Ikishamwagika, kandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu bila kusugua, usiongeze maji, na upeleke kwa anayesafisha hariri bila maji.

Anayetaka harufu ya kifalme inayokaa asitafute kolonya kabisa. Aende upande wa Amouage, nyumba ya manukato iliyoanzishwa Oman mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultan Qaboos. Pafyumu yao iitwayo Gold, kazi ya mtengeneza manukato Guy Robert, ina ubani na manemane chini ya maua mengi. Hapo mipulizo 2 inatosha. Ya 4 itawaudhi wenzako ndani ya lifti.

Na tahadhari na nembo. Nembo ya kifalme kwenye boksi maana yake nyumba hiyo imewahi kuhudumia ikulu, si kwamba mfalme anajipaka kilichomo. Floris, watengenezaji wa manukato wa London, walipopewa nembo yao ya kwanza mwaka 1820 na George IV, ilikuwa ya kutengeneza vitana.

Kuhusu kolonya iliyoharibika: limau ndilo huanza kuchacha. Ukipulizia na sekunde za mwanzo zikanuka kama tapentaini au rangi ya kupaka nyumba, kisha ikatulia, mafuta mepesi yanayonukia mwanzo yameshaharibiwa na hewa au joto. Weka chupa ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na bafu. Friji nayo inafaa.