Msitupe ramani za zamani, zina makaburi ya wazee wetu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwafikishie maofisa ardhi wa wilaya ombi moja: ramani za zamani msizitupe.

Babu yangu mzaa baba alizikwa mwaka 1961 katika bonde la Rufiji, kwenye kitongoji ambacho leo hakina hata nyumba moja. Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya nchi ya juu. Baba alivuka mto na majembe, mikeka na mbuzi wawili. Makaburi yakabaki. Amefariki bila kurudi kumsomea mzee wake dua kaburini, na jambo hilo lilimuuma mpaka siku zake za mwisho.

Sisi watoto tulitafuta miaka sita, kila kiangazi. Tulikuwa na kauli yake tu: "Ukienda machweo, mto uko kulia kwako, utaikuta miembe mitatu." Basi tunakodi mtumbwi, tunavuka, tunauweka mto kulia, tunaishia kwenye matete. Hatukufikiri kwamba Rufiji huhama. Mto ule hukata mkondo mpya na kuuacha wa zamani ukiwa dimbwi la kambale. Wakulima wa mlau, wanaolima bondeni maji ya mafuriko yakishapungua, wanalijua hilo vizuri. Mimi nilikuwa mwalimu, sikuwauliza.

Nilikwenda ofisi moja ya serikali kuulizia ramani. Nikajibiwa kwamba zilikuwepo, zikaliwa na mchwa, zilizobaki zikachomwa wakati wa kusafisha stoo. Nilitoka pale nimeishiwa nguvu.

Nakala niliipata baadaye Dar es Salaam, ile ya kipimo cha 1:50,000 iliyochorwa kutokana na picha za ndege zilizopigwa kabla ya mafuriko. Niliitandaza mkekani kwa shangazi. Kitongoji kipo, kwa jina lake! Vidoti vya nyumba, njia ya miguu, na mto ukipita kaskazini yake. Siku hizi unapita kusini. Kumbe kaburi lilikuwa upande wetu huku huku, na miaka sita tulikuwa tunavuka bure.

Kwenye ramani hiyo sentimita moja ni mita 500. Kutoka pembe ya ziwa la zamani mpaka kwenye vidoti nilipata sentimita 3.4, yaani kilomita 1.7. Hata hivyo safari ya kwanza tulipotea, kwa sababu namba za ramani zinazoonyesha mahali niliziingiza kwenye simu kama zilivyo. Kijana mmoja mpima ardhi akanieleza kwamba ramani hizo zinafuata mfumo wa zamani wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, simu inafuata mwingine uitwao WGS 84, na tofauti yake ni kama mita 300. Porini, mita 300 ni nyingi. Mwenye kutafuta amwombe mpima ambadilishie namba kwanza.

Tulikuta miembe miwili na kisiki cha wa tatu, na vigae vya mitungi. Shangazi, mwenye miaka 84, alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki, akavua kandambili, akasema, "Kaka yenu mkubwa alizikwa hapa, na baba yuko hapa." Tukasoma Yasini pale pale.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Kabla stoo haijasafishwa, karatasi hizo zipigwe picha, na nakala ipelekwe ofisi ya kata, mtu aione bila kusafiri hadi Dar es Salaam. Ziko familia nyingi zilizoacha mahame mwaka 1968, na nyingine nyingi wakati wa vijiji vya ujamaa, baada ya 1973.

Shangazi ametusomea mahame mengine matano kwenye karatasi ile ile, na waliozikwa kila mahali. Nimeyaandika majina yao kwa penseli pembeni. Mwenye wazee wake upande huo aje aitazame, iko nyumbani kwangu.

Mwalimu mstaafu,
Ikwiriri, Rufiji